Jina la Kwanza Daftarini

Ukiwa na shida ya karatasi, usijisumbue kuingia mahakamani. Shida za karatasi humalizwa nje, mkono wa kushoto wa lango, kwenye kibanda cha bati chenye meza moja, kompyuta moja iliyofutika herufi, na mwanamume mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na serikali tu. Watu wote humwita Nakala, na hata mkewe akikasirika humwita hivyo.

Kazi yake ni kuchapa. Huchapa hati za kiapo, barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, maombi ya talaka na, kwa watu wale wale, maombi ya kurudiana. Ila usidhani anakaa kutunga. Kutunga ni kazi ya wenye muda. Chini ya meza ana jalada nene la bluu, na ndani yake mna mfano wa kila jambo linaloweza kumpata binadamu. Ukija na msiba, anafungua kurasa za msiba. Ukija na harusi, za harusi. Anabadilisha majina na tarehe, anabonyeza, mashine inakohoa, unalipa, unakwenda zako. Siku moja alichanganya kurasa, na bwana harusi mmoja akasimama mbele ya wakwe kuwashukuru "wote mliotufariji katika kipindi hiki kigumu." Wakwe wakapiga makofi. Ndoa ile haikumaliza mwaka, kwa hiyo Nakala husema hakukosea, aliwahi tu.

Mtu anayeishi kwa kunakili hawezi kukosa maoni kuhusu hakimiliki, na Nakala maoni yake aliyagawa bure kwa kila aliyekaa kwenye benchi kusubiri zamu.

"Maneno ni maji ya bomba la mtaa," alikuwa akisema. "Wote tunakinga. Siku mkubwa akija na ndoo yake, kesho yake utakuta bomba lina kufuli na ufunguo anao yeye. Hiyo ndiyo sheria ya hakimiliki. Maskini akichukua, kaiba. Tajiri akichukua, kasajili."

Siasa nayo, kwa maoni yake, ilikuwa ni kuchapa kama kuchapa kwingine: badilisha jina la juu, ya chini yaache yalivyo. Na vita je? Hapo alikuwa akishusha miwani.

"Vita ni zabuni. Ukimsikia mtu anapasua koo kwa ajili ya heshima ya taifa, muulize kwanza nani anauza buti."

Mama Chai, aliyeweka jiko lake hatua tatu kutoka kibandani, ndiye pekee aliyemjibu. "Wewe Nakala," alimwambia, "siku ukiamini kitu utaumwa homa."

Alikuwa amempata. Nakala alijua mengi kuliko watu wazima wengi wa mji ule, maana kila ujanja wa mji lazima upite mahali uchapwe. Lakini kujua kwake alikutumia kama watu wanavyotumia kiti: alikukalia.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, mwenye bucha la sokoni alifika kibandani akitokwa povu. Huyu ndiye mwenyekiti wa klabu ya mpira ya mtaa, na klabu ya mtaa wa pili ilikuwa imevamia uwanja wao na kusimika magoli yake. Alitaka hotuba. Jalada la bluu halikuwa na hotuba ya uwanja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Nakala akalazimika kutunga. Lo, kumbe kipaji alikuwa nacho! Aliandika kurasa mbili bila kunyanyua kichwa, na kwenye aya ya tatu machozi yakamtoka, akasingizia moshi wa jiko la Mama Chai. "Hatutatoa hata shubiri moja. Majani haya yamenyweshwa jasho la baba zetu. Anayetaka kuingia na aingie kwa miguu yake, ila kutoka atabebwa." Mwenye bucha akaisoma uwanjani, watu wakachana mashati yao wenyewe. Klabu zikapigana Jumapili nzima, yakaanguka meno matatu, Jumatatu wakapatana, na Nakala akawachapia hotuba ya mapatano pia. Zote mbili akazitia kwenye jalada.

Miezi ikapita. Ndipo akaanza kuja msaidizi wa Mheshimiwa kiongozi wa nchi, mtu mnene mwenye simu tatu, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila moja kulia. Mara ya kwanza alileta zabuni. Kampuni ya mke wa Mheshimiwa iliomba kuliuzia jeshi buti jozi elfu kumi, maharage magunia elfu mbili, na masanduku ya mbao ya futi sita na nusu kwa mbili, yasiyo na kufuli. Nakala aliuliza tu kama neno "masanduku" linatosha au aongeze maelezo. Msaidizi akasema linatosha.

Miezi miwili baadaye alirudi. Safari hii alitaka hotuba ya kulitetea Bonde.

Bonde lenyewe lilikuwa mpakani, mahali pa mawe na mbigili, ambapo mbuzi wa nchi hizi mbili walikula pamoja bila mkataba tangu mbuzi waumbwe. Halafu wapimaji wakapita na vyombo vyao, wakasema chini ya mbigili kuna madini ya kutengenezea betri. Tangu siku hiyo kila upande ukagundua kuwa mababu zake walizikwa pale.

"Unaitaka lini?" akauliza Nakala.

"Sasa hivi. Gari linanguruma."

Nakala akafungua hotuba ya uwanja. Palipokuwa na uwanja akaweka Bonde, palipokuwa na klabu akaweka taifa, akabonyeza, mashine ikakohoa. Katika haraka ile sentensi moja ilimponyoka, na Mheshimiwa akaisoma vilevile mbele ya halaiki, ngumi juu: "Na refa tunamjua, na anapokula tunapajua." Nchi nzima ilisisimka. Wachambuzi wa redio walibishana wiki nzima kuhusu refa kuwa ni taifa gani, na balozi mmoja akaitwa nyumbani kwa mashauriano.

Lazima ujue pia kwamba Mheshimiwa alikuwa na desturi yake: hotuba haitazami mpaka aifikie maikrofoni. Alisema kuisoma mapema kunaondoa hisia. Ukweli ni kwamba kusoma kulimchosha, na mara moja kwa siku ilimtosha kabisa.

Basi vita vikaanza. Kundi la kwanza la watu mia mbili likapanda malori pale uwanjani, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa Mama Chai, yule fundi baiskeli aliyekuwa akiziba pancha huku anapiga mluzi. Mama Chai alifunga jiko siku tatu. Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu na chai yake haina sukari. Nakala aliinywa bila kulalamika, ikawa ndiyo pole yake, kisha akaligeukia benchi.

"Vita vya panzi," akasema, "furaha ya kunguru."

Benchi likacheka. Mama Chai hakucheka.

Haikupita wiki tatu, Wakili Mkoba akaja kibandani. Aliitwa hivyo kwa sababu mkoba wake ulikuwa mkubwa na ndani yake, kwa mujibu wa waliowahi kuuona wazi, mlikuwa na ndizi na gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wakili. Tunachapa nini?"

"Barua ya onyo. Andika: Kwa anayeitwa Nakala, mchapaji, mkono wa kushoto wa lango la mahakama."

Vidole vya Nakala vilisimama kidogo, halafu vikaendelea, maana kazi ni kazi. Wakili akasoma kutoka kwenye kikaratasi. Mheshimiwa alikuwa amesajili haki zote za hotuba iitwayo Hata Shubiri Moja, ambayo sasa ilikuwa kwenye fulana, kwenye vikombe na kwenye milio ya simu, yote ya kampuni ya mkewe. Amesajili pia hotuba zake zote zilizopita na zijazo. Kwamba kila neno litokalo kinywani mwake ni tungo yake mwenyewe pasipo msaada wa mtu yeyote. Kwamba atakayedai kuitunga hotuba yoyote, au kumtaja mtunzi mwingine awaye yote, atakwenda jela miaka mitano.

"Hapo kwenye 'mtu yeyote'," akasema Nakala, ambaye hakuweza kuona sentensi inachechemea akanyamaza, "ongeza 'aliye hai au marehemu'. Inakuwa nzito."

Wakili akafikiri. "Ongeza."

"Zichapwe ngapi?"

"Mbili. Moja yako."

Akachapa, akatoza bei ya kawaida, akajipokelea barua yake mwenyewe na kuitilia sahihi. Siku nzima benchi lilikuwa halikaliki kwa kicheko. Alikuwa amepigwa marufuku na maneno yake, kwa maneno yake, na wamemlipa! Kila mteja aliyefika alisomewa ile barua kwa sauti ya kimahakama. Sijamuona mtu akiifurahia kesi yake namna ile.

Kesho yake mchana akaenda nyumbani kula, na huko kicheko kikaisha.

Nakala alikuwa na watoto watatu. Wawili wa kwanza walikuwa wameoa na kwenda mbali. Aliyebaki alikuwa kitinda mimba wake, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyeendesha lori la kubeba matofali na kuitwa Dereva na mtaa mzima. Mkono wake mmoja ulikuwa mweusi kuliko mwingine kwa kuutoa dirishani. Nakala alimpenda kuliko kitu chochote, na kwa kuwa hakujua namna ya kumwambia, alimtania kutwa.

"Baba," Dereva akasema, akinawa vumbi jekundu, "Jumamosi naenda kujiandikisha. Wanatafuta madereva wa malori makubwa."

"Kujiandikisha wapi?"

"Vitani, baba. Kundi la pili."

Nakala akacheka, akamtazama mkewe acheke naye. Mkewe alikuwa anatazama sakafu.

"Kwa sababu gani, mama?" Alimwita hivyo pale tu alipokuwa na hofu.

Binti akajifuta mikono, akasimama wima, akasema taratibu: "Hatutatoa hata shubiri moja. Majani haya yamenyweshwa jasho la baba zetu." Ilikuwa aya ya tatu, yote, bila kukosea hata mkato. Alipofika kwenye kubebwa, macho yalimjaa machozi. "Kila nikiisikia, baba, mwili unanisisimka. Mtu aliyeandika vile hawezi kuwa mwongo."

"Nimeandika mimi!" Nakala akapiga kelele.

Wakaangua kicheko, mama na mwana.

"Baba, na wosia wa tajiri wa matofali si ulisema umeandika wewe?"

"Niliandika mimi, ndiyo!"

"Na barua ya mapenzi ya mwalimu mkuu?"

"Nayo pia! Sikiliza, mwanangu. Ile hotuba ni ya mpira. Majani yaliyonyweshwa jasho ni nyasi za uwanja. Bonde halina nyasi, lina mbigili! Nani anyweshe mbigili jasho?"

"Nioneshe basi."

Akaruka kama kijana hadi kibandani. Lakini kwenye kompyuta alikuwa na mazoea ya miaka yote, jipya kulihifadhi juu ya la zamani, na uwanja ulikuwa umemezwa na Bonde. Kwenye jalada ukurasa wa zamani aliutoa siku ile ile akauchapia hati ya kiapo mgongoni. Akakimbilia buchani. Mwenye bucha alikuwa amevaa fulana ya Hata Shubiri Moja, shoka begani.

"Ile karatasi uliyosoma uwanjani, unayo?"

"Karatasi za mwaka jana nimefungia watu maini," akasema mwenye bucha. "Na uwanjani nilisema yangu tu. Mheshimiwa ndiye mwenye hotuba ile, nimesikia imesajiliwa." Kisha akainama, akapunguza sauti. "Nakala, mimi nina leseni ya bucha. Usinitafutie balaa."

Aliporudi mikono mitupu, chakula kilikuwa kimepoa. Dereva hakumcheka tena, na hilo lilimuuma zaidi.

"Baba, tangu nizaliwe kwako kila mtu ni mwizi na kila kitu ni biashara," akasema polepole. "Ukicheka, na mimi nacheka. Ila nimechoka. Nataka kitu kimoja tu ambacho si cha kucheka." Akachukua funguo za lori akaenda zake kazini.

Nakala akamgeukia mkewe. "Mama watoto, mkataze."

"Nimkataze kwa maneno gani? Yako wewe si ndiyo yanampeleka?" Kumbe yeye alikuwa ameamini. "Mtoto wa Mama Chai alipokwenda ulirudi hapa na methali ya panzi, ukakaa ukala. Leo panzi ni wako."

Siku mbili zilizofuata Nakala hakula vizuri. Alimwambia binti yake kuhusu buti, akaambiwa wanajeshi lazima wavae. Alimwambia kuhusu masanduku, akaambiwa baba sasa unazidi. Mtu aliyesema kila siku kwamba maneno hayana mwenyewe alikuwa anahangaika mji mzima kutafuta mtu wa kumwambia kwamba yana mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi simpi.

Ijumaa adhuhuri msaidizi wa Mheshimiwa akatokea, simu mbili masikioni.

"Hotuba ya kesho," akasema. "Ya kuandikisha kundi la pili. Ile ya zamani watu wameshaikariri, inataka mpya. Kurasa mbili. Nakwenda kula, narudi."

Nakala alilisukuma jalada la bluu kwa mguu, likaenda ukutani. Akatunga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa moto kama ule wa zamani. Kabla ya kuanza wa pili aliinuka, akanywa maji, akarudi kuchapa. Msaidizi aliporudi alisoma mistari minne ya juu, akasema, "Kali hii!" simu ya tatu ikalia, akaikunja karatasi, akaondoka.

Jumamosi asubuhi uwanja ule ule wa mpira ulijaa pomoni. Jukwaani alikaa Mheshimiwa, mkewe, na mwana wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye miwani myeusi, aliyekuwa amerudi likizo kutoka masomo ambayo hakuna aliyejua yanaisha lini. Chini ya jukwaa palikuwa na meza, na mezani afisa wa uandikishaji, mzee wa jeshi aliyenyooka kama rula, na daftari jipya. Mbele kabisa ya mstari alisimama Dereva, amevaa shati safi. Nakala alijibana kwenye goli, mikono kwenye wavu.

Mheshimiwa akafungua karatasi, akaanza. Ukurasa wa kwanza uliwanyanyua watu. Akageuza wa pili kwa mkono wa madaha, sauti bado iko juu:

"Na ili mjue kwamba sisemi kwa ulimi tu! Jina la kwanza katika daftari lile, kabla ya mtoto wa mtu yeyote, litakuwa la mwanangu..." hapa sauti ikaanza kushuka ngazi, "...mwanangu wa pekee... aliyekaa hapa nyuma yangu. Hataandikwa mtoto wa mwenzangu hata mmoja kabla yake. Inuka, mwanangu. Uwaoneshe njia."

Sijui kama umewahi kusikia uwanja mzima ukilia kwa furaha. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakarusha kofia. Mheshimiwa aliigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna maelezo. Mkewe alikuwa amesimama, mdomo wazi. Mwana alivua miwani, akatazama kushoto na kulia, akasema ataenda msalani kwanza.

Wakamsubiri. Saa nzima ikapita, na ya pili.

"Niandike mimi namba mbili," Dereva akamwambia afisa. "Ya kwanza uiache wazi, akija utaijaza."

"Katika daftari la serikali nafasi haiachwi," akajibu afisa bila kumtazama. "Amri imetoka jukwaani. Moja ni ya mtoto wa Mheshimiwa. Wewe umesoma wapi hesabu ambayo mbili inakuja kabla ya moja?"

Jua likawawakia. Mstari ukakaa chini, ukaanza kunong'ona, ukaanza kucheka. Saa tisa alasiri afisa alifunga daftari likiwa jeupe, akalitia kwapani, akapiga saluti kwa jukwaa tupu.

Jumapili kina mama wa kundi la kwanza walikwenda kwenye geti la Mheshimiwa, Mama Chai akiwa mbele na sufuria yake anaipiga kwa mwiko, wakaimba wakimwita kijana atoke awaoneshe njia. Jioni daktari alitoa taarifa kwamba kijana ana miguu bapa. Jumatatu umati ulikuwa mara tatu, na mtu alileta buti.

Asubuhi ile ile msaidizi na Wakili Mkoba walifika kibandani wakikimbia.

"Nani aliandika ukurasa wa pili?" akafoka msaidizi. "Tutamtangaza leo leo! Tutasema Mheshimiwa amehujumiwa na mchapaji!"

Nakala akatoa barua yake kwenye mfuko wa shati.

"Mimi siwezi kujibu, bwana. Nikisema nimeandika, miaka mitano. Na wewe ukimtaja mtu kwamba kaandika, miaka mitano. Muulize wakili, barua ni yake."

Wakili akaisoma. Akaisoma tena pale kwenye "zijazo", akamtazama Nakala kama anayemuona leo.

"Aliye hai au marehemu," Nakala akamsaidia.

Msaidizi akakaa kwenye benchi. Zilipita dakika mbili bila simu hata moja kulia. "Basi," akasema hatimaye, "tutahitaji hotuba ya amani."

Nakala akalivuta jalada, akafungua ile ya mapatano ya klabu mbili. Jumanne Mheshimiwa akaligundulia taifa kwamba Bonde ni la ndugu wawili walionyonya ziwa moja, na akaialika nchi jirani ije wazungumze. Buti zilikuwa zimekwishalipiwa, maharage vilevile. Kampuni ya mkewe ikaomba zabuni ya saruji ya kujengea daraja la urafiki, na Nakala ndiye aliyeichapa.

Alhamisi malori yalirudi. Mia mbili walikuwa wamekwenda. Waliorudi wamekaa walikuwa mia moja themanini na tisa, na kumi na mmoja walirudi wamelala katika masanduku ya futi sita na nusu kwa mbili. Fundi baiskeli alikuwa miongoni mwa waliokaa. Watu wawili walimshusha, maana mguu wake wa kushoto uliishia gotini. Mama Chai alimkumbatia pale pale chini ya lori.

Siku ile mchana, nyumbani, Nakala alishindwa kujizuia. Barua ilimfunga mdomo mjini, lakini sheria gani inaingia sebuleni kwake? Akawasimulia yote tangu mwenye bucha mpaka ukurasa wa pili, na alipofika kwenye miguu bapa alisimama akaigiza. Mkewe alitabasamu kidogo. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii aliamini kila neno.

"Kwa hiyo masanduku uliyachapa kabla ya vita," akasema.

"Miezi miwili kabla! Si nilikwambia?"

"Na kumbe kuvisimamisha kulitaka ukurasa mmoja."

"Mmoja tu!" Nakala akanyoosha kidole, uso unang'aa.

"Mbona hukuuandika kabla mtoto wa Mama Chai hajapanda lori?"

"Aa, wakati ule," akasema, "si sikujua kama na wewe utakwenda."

Aliyasikia maneno yake yalipokwisha kutoka. Dereva alimtazama bila hasira, kama mtu anayesoma kibao kuona kama hapo ndipo alipokuwa anakwenda.

"Basi wewe na Mheshimiwa mmevichoka vita kwa sababu moja," akasema.

Akanawa mikono, akachukua funguo. Alikuwa amemuahidi Mama Chai kumpeleka fundi baiskeli hospitali kubadilishiwa bandeji, na lori la matofali ndilo gari pekee lililopatikana. Nje lori likawaka, likaondoka. Mkewe akamsogezea sahani, akamwambia ale kabla hakijapoa, na Nakala akala, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.